Fungu la Chombo: Pikipiki katika Nyumba za Pwani ya Tanga

Atakaye kuijua historia ya pwani ya Tanga hana budi kuvijua vyombo vyake. Tangu Moa, karibu na mpaka wa Kenya, hadi Pangani na Kipumbwi, watu wa pwani hii wameishi kwa chombo: ngalawa ya mvuvi, mashua ya msafiri na jahazi la mfanyabiashara. Baadaye likaja gari moshi, ikaja baiskeli, ikaja motokaa, na mwisho ikaja pikipiki, ambayo imeingia katika nyumba za watu wa kawaida kwa wingi kuliko chombo chochote cha moto kilichoitangulia. Habari za kununua huzungumzwa sana. Habari za kutunza huzungumzwa kidogo. Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi pikipiki ilivyofika katika nyumba hizo, kisha tutazame jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa: mume au mke anunuapo pikipiki mpya, ni nani atakayejifunza kuitunza, na kwa fungu gani la fedha?

Tuanze baharini, kwa kuwa ndiko walikoanzia wazee wetu. Chombo cha mbao hakikai majini bila ya kutunzwa. Mbao huachana, maji hupenya, na wadudu wa baharini huzitoboa. Kwa hiyo kila baada ya muda chombo hupandishwa pwani wakati wa bamvua, na maji yakisha kutoka hubaki mchangani kimeegemezwa kwa magogo. Hapo hukwanguliwa, nyufa zake hukalafatiwa kwa pamba, na sehemu iliyo chini ya maji hupakwa deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na mafuta. Upande wa juu hupakwa sifa, mafuta ya papa, ambayo harufu yake kila mtoto wa pwani huijua. Kazi hiyo haikuwa ya fundi peke yake. Nahodha na mabaharia walishika kila mmoja kipande chake, na mtoto aliyechukua kikombe cha sifa mwaka huu aliweza kupewa patasi ya kukalafati mwaka ujao.

Pamoja na kazi ya mikono palikuwa na desturi ya fedha. Chombo kirudipo kutoka uvuvini, mapato hugawanywa mafungu: mabaharia hupata yao, nahodha hupata lake, na chombo nacho hupata fungu lake. Mgeni aweza kucheka asikiapo kwamba mbao na tanga vimepewa ujira. Lakini fungu la chombo, ambalo hukabidhiwa mwenyewe, ndilo linalonunua pamba, kamba na tanga jipya. Mwenye chombo alilaye fungu lote hula mbao za chombo chake mwenyewe, na siku kamba ikatikapo hana cha kununulia nyingine.

Vyombo vya baharini vilipanda nchi kavu, walau katika maneno. Usukani, uliokuwa wa jahazi, sasa ni wa motokaa. Rubani, aliyekuwa mwongozaji wa merikebu, sasa huendesha ndege. Abiria na shehena wamehamia barabarani, na dereva huegesha gari lake kama nahodha alivyoegesha mashua yake gatini. Hata Serikali katika maandishi yake huyaita magari na pikipiki vyombo vya moto. Basi lugha imekwisha kutuambia kwamba pikipiki ni chombo. Lililobaki ni kujiuliza kama tumeihamisha pia ile desturi ya kukipa chombo haki yake.

Nchi kavu ya Tanga ilianza kujua mitambo mapema. Kazi ya kujenga reli kutoka mjini Tanga ilianza mwaka 1893, na reli ikafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mwaka huo huo wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf alileta miche ya mkonge. Katika miche 1000 iliyoagizwa, 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, nayo ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yalitokea mashamba makubwa na viwanda vya kusaga mkonge, ambavyo wenyeji waliviita korona. Jasho la manamba waliofanya kazi katika mashamba hayo lina historia yake nzito, ambayo si mahali pake hapa. Itoshe kusema kwamba katika karakana za reli na za korona vijana wa Kiafrika walijifunza kushika spana, kusikiliza mlio wa mashine na kutambua kasoro kabla mashine haijasimama. Ufundi wa chuma ulipata shule yake humo, hata kama shule hiyo haikutoa vyeti.

Baiskeli ndiyo iliyouingiza ufundi huo nyumbani. Huko Ulaya baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa ilitengenezwa na John Kemp Starley mwaka 1885, na mwaka 1888 John Dunlop akatengeneza tairi la kujazwa upepo. Kuenea kwa baiskeli na motokaa kulizidisha haja ya mpira duniani, hata mashamba ya mpira yakapandwa katika wilaya za Tanga na Muheza, yakastawi kwa muda, kisha yakaanguka pamoja na bei mwaka 1913. Ndivyo pwani yetu ilivyoyatumikia magurudumu ya wengine kabla haijapata ya kwake. Baadaye, kwa kuwa mji wa Tanga umekaa juu ya ardhi tambarare, baiskeli ikaenea humo hata mji ukasifika nchini kwa wingi wake. Katika nyumba yenye baiskeli, mtoto alijua kuziba pancha, kukaza breki na kutia mafuta mnyororo kabla hajaruhusiwa kuipanda. Tuliolelewa katika nyumba hizo twajua kwamba ruhusa ya kupanda ilikuwa ujira wa kutunza.

Pikipiki yenyewe ilizaliwa Ujerumani. Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walifunga injini ya petroli katika chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, na mwaka 1894 kampuni ya Hildebrand & Wolfmüller ya mjini Munich ikaanza kuuza pikipiki zilizotengenezwa kwa wingi. Katika Vita Kuu ya Kwanza majeshi ya Waingereza yalikuja Afrika Mashariki pamoja na kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Mwaka 1916 majeshi hayo yakateremka kuufuata mto Pangani, yakapita Mombo na Korogwe, na mwezi Julai mji wa Tanga ukatwaliwa. Baada ya vita pikipiki ikawa chombo cha mkoloni na cha msimamizi wa shamba. Mwananchi aliisikia kabla ya kuiona, na kwa kuwa aliisikia kwanza, akaipa jina la mlio wake: pikipiki. Jina hilo ni tanakali, na limedumu.

Pikipiki za zamani hazikumfaa sana mtu wa pwani, na sababu moja ilikuwa mavazi. Mpandaji hana budi kulikumbatia tangi la mafuta kwa magoti, na mnyororo ukiwa wazi hutapika grisi. Mwenye kanzu hakuweza kuipanda kwa heshima, sembuse mwenye buibui. Hapo ndipo ilipopata sifa vespa ya Italia, iliyotoka mwaka 1946. Injini yake imefunikwa, miguu hukaa juu ya ubao, na nguo hubaki safi. Katika miji ya pwani na visiwani Unguja jina la vespa likawa neno la kila siku. Mwaka 1958 Honda ya Ujapani ikatoa Super Cub, yenye nafasi tupu mbele ya kiti na gia zisizohitaji mkono wa klachi. Hadi mwaka 2017 kampuni hiyo ilikuwa imetengeneza zaidi ya Super Cub milioni 100. Twaona basi kwamba umbo la chombo si jambo dogo: hilo ndilo linaloamua ni nani katika nyumba atakayekipanda.

Baada ya Uhuru mwaka 1961, pikipiki ikawa chombo cha mtumishi wa umma. Bwana shamba, bwana afya na mganga wa zahanati waliifikisha vijijini, kutoka mchanga wa Pangani hadi udongo mwekundu wa Muheza. Kisha ikaja miaka ya dhiki. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979, na katikati yake vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, mwaka 1978 na 1979, vikala fedha nyingi za kigeni. Spea zikaadimika. Hapo mafundi wetu walionyesha walichonacho: plagi ilisuguliwa kwa msasa ikarudishwa kazini, gasketi ilikatwa kwa boksi gumu, na tyubu ikatiwa kiraka juu ya kiraka. Mwaka 1984 Serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na vyombo vikaanza kurudi barabarani. Hatuisifu dhiki, lakini hatuna budi kukiri kwamba ilitufundisha thamani ya kutunza, na kwamba wingi uliofuata umetusahaulisha sehemu ya mafunzo hayo.

Wingi huo ulikuja baada ya mwaka 2000, pikipiki za China na India zilipoanza kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa kipato kidogo aweza kuifikia kwa kudunduliza. Neno bodaboda, lililozaliwa mpakani mwa Kenya na Uganda kwa waendesha baiskeli wa Busia, likafika kwetu pamoja na kazi yenyewe. Mwaka 2010 zikatungwa kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji, na kazi iliyokuwa ya kujitafutia ikatambuliwa kisheria. Tangu hapo pikipiki si chombo cha ofisi tena. Ni mali ya nyumba, sawa na shamba au mashua, na mara nyingi ndiyo mali ya kwanza ya thamani ambayo mume na mke huipata pamoja.

Tuchukue mfano, usiokuwa wa mtu fulani bali wa nyumba nyingi. Mke ni mwalimu, au mchuuzi wa samaki. Ameweka akiba katika kikoba mwaka mzima, amenunua pikipiki, na kadi ina jina lake. Mume ndiye anayeiendesha; au wamempa kijana kwa mkataba, naye huleta hesabu kila jioni. Siku ya kuileta nyumbani majirani hufika kupongeza. Baada ya miezi sita injini inatoa moshi, mnyororo unapiga kelele, breki haishiki, na hesabu imepungua. Mke husema mume ameiua pikipiki. Mume husema pikipiki ilikuwa mbovu tangu dukani. Kijana husema barabara ndiyo mbaya. Fedha za mwaka mzima zimekwisha, na pamoja nazo imeondoka amani ya nyumba. Katika mgogoro huo hakuna aliyekusudia uovu. Kilichokosekana ni fungu la chombo na elimu ya kulitumia.

Elimu yenyewe si ngumu. Pikipiki mpya ina mambo mawili yasiyolingana: sura yake yasema imekamilika, na injini yake yasema bado. Ndani ya silinda, pistoni na ringi zake hazijazoeana na ukuta zinaousugua. Kwa hiyo katika kilomita 500 hadi 1000 za kwanza haifai kuikimbiza kwa nguvu zake zote, wala kuibebesha mzigo mkubwa, wala kuiendesha kwa mwendo mmoja kwa muda mrefu. Oili ya kwanza huchukua unga mwembamba wa chuma unaotokana na kusuguana huko, ndiyo maana hutakiwa kumwagwa mapema, kama kitabu cha chombo kinavyoelekeza. Yule anayeona hasara kumwaga oili ambayo bado ni mpya kwa macho huja kununua silinda.

Baada ya hapo ni desturi tu. Oili itazamwe chombo kikiwa kimesimama wima mahali palipo sawa, na injini ikiwa imezimwa. Mnyororo uachwe na ulegevu kiasi, kwa pikipiki nyingi sentimita 2 au 3, kwa kuwa ukikazwa mno hula meno ya gurudumu na ukilegea mno huchomoka. Chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara, hasa kwa anayepita katika vumbi, maana injini ivutayo mchanga hujisaga yenyewe. Plagi isafishwe na nafasi ya ncha zake ipimwe. Upepo wa matairi na breki vikaguliwe kila asubuhi. Na sisi wa pwani tuna adui wetu wa pekee, chumvi. Mbao za jahazi zimeizoea chumvi, chuma hakijaizoea. Pikipiki iliyopita kando ya bahari ioshwe kwa maji baridi yasiyo ya chumvi, ikaushwe, na mnyororo utiwe mafuta. Kazi hiyo si kubwa kuliko kupaka sifa.

Sasa tuulize: ni nani katika nyumba ajifunze hayo? Wengi hujibu kwamba ni yule anayeendesha. Jibu hilo halitoshi. Baharini mwenye chombo, hata kama hakusafiri, alijua kutazama ubao uliooza, na nahodha hakuweza kumdanganya. Mke aliyenunua pikipiki bila ya kujua oili hutazamwa wapi amekabidhi mali yake kwa macho ya wengine. Vivyo hivyo mume ambaye mkewe ndiye mpandaji. Mmoja aweza kushika usukani. Wote wawili yafaa washike spana. Tusidhani kwamba jambo hili ni geni kwa wanawake wa pwani. Aliyejua kusuka mkeka usiopitisha mchanga, na kupima unga, mafuta na kuni za mwezi mzima kwa fedha chache, hatashindwa na mnyororo.

Sheria nayo yatuelekeza huko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mke haki sawa na mume ya kupata mali, kuimiliki na kuiuza, na inasema kwamba ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mmoja wao, isipokuwa wamekubaliana vingine. Mali iliyo kwa jina la mmoja huhesabiwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Uamuzi huo una hekima pana. Yule aliyemwamsha mwendeshaji alfajiri, aliyemlisha, aliyeosha chombo jioni na kuificha senti ya oili isiliwe, hakuwa mtazamaji. Alikuwa akikalafati. Mahakama ililitamka kwa lugha ya sheria jambo ambalo wavuvi walilijua kwa lugha ya mafungu.

Yupo atakayesema kwamba mafundi wapo, na kwamba kila mtu na kazi yake. Hatulikatai hilo. Fundi ana heshima yake, na asiyejua asifungue injini. Lakini fundi humwona mgonjwa aliyeletwa. Mwenye nyumba humwona kila siku. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huonwa na akaaye ndani. Tena breki isiyoshika haiharibu mali tu. Huua. Kila mwalimu anayesoma makala haya huenda anamjua kijana aliyeanguka na pikipiki asirudi shuleni. Kofia ngumu na breki iliyokazwa ni sehemu ya utunzaji sawa na oili, na mwenye kuvipuuza ameupuuza uhai wa abiria wake kabla ya fedha zake.

Limebaki jambo la lugha, nalo ni la walimu hasa. Vitabu vingi vinavyofuatana na pikipiki huandikwa kwa lugha za kigeni, navyo hufungiwa sandukuni visisomwe. Mafundi wetu wamekwisha kutupa maneno: plagi, klachi, kiki, kabureta, ringi. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa mwaka 1967, limetufundisha kwamba lugha hukua kwa kutumiwa kazini. Basi mwanafunzi wa sekondari na aandike insha ya kueleza injini inavyofanya kazi kwa Kiswahili fasaha, aisome nyumbani mbele ya wazazi wake, na fundi wa mtaani aisahihishe. Katika somo la hesabu na atengeneze daftari la chombo lenye safu nne: tarehe, kilomita, kazi iliyofanywa na fedha iliyotumika. Mali bila daftari huisha bila habari.

Daftari hilo likisha kuwapo, fungu la chombo hupata mahali pake. Kila hesabu iletwapo jioni, kabla ya kugawa fedha za chakula, za ada na za kikoba, sehemu ndogo itolewe mbele ya mume na mke, iwekwe mahali pamoja, isiguswe ila kwa oili, tairi, mnyororo na breki. Kiasi chake kila nyumba itakipima kwa mapato yake. Lililo la lazima ni kwamba litolewe kwanza, na kwamba wote wawili wajue lilipo. Wazee wetu walilitoa juu ya mchanga, samaki wakiwa bado wabichi, wala hawakungoja mpaka tanga lipasuke.